Nyongeza ya Nzivo

Nzivo, mchongaji wa Kariobangi, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumpa mtu kitu bila kuongeza. Ukinunua mwiko, anakupa na kijiko. Kathini, mkewe, alisema siku Nzivo akifa ataomba jirani azikwe naye, iwe nyongeza.

Basi mwaka wa tisini na sita akaja Norah, binti aliyefanya kazi ya kuhesabu kima wa mlimani, wanyama waliobaki wachache mno. Alitaka vinyago vya kusimamisha juu ya ramani ya mlima, katika maonyesho ya watoto wa shule.

"Thelathini na vinne tu, mzee. Kila kimoja ni kima kumi. Na jina lako nitaliandika hapo hapo."

Jina! Miaka ishirini Nzivo alichonga twiga wakaenda ng'ambo, na hakuna aliyejua baba yao ni nani. Furaha ikampanda kichwani. Akachonga kima anayejikuna, kima anayepiga miayo, na mmoja mwenye sura ya mwenye nyumba wake, Mungu amsamehe.

Siku ya kupeleka, akavipanga mwenyewe juu ya ramani. Msitu uliopakwa kijani ulikuwa mdogo kama leso, ukajaa upesi. Vilivyobaki akaviweka kwenye mashamba ya mahindi.

"Mzee, mbona arobaini?"

"Hivyo sita ni nyongeza, binti yangu. Usilipe kitu."

Norah hakucheka. "Hivyo sita ni kima sitini ambao hawapo. Na wakishuka kwenye mahindi wanapigwa mawe. Kwao ni hapo penye kijani tu. Nikiviacha nitakuwa nimedanganya watoto, na siwezi kuandika jina lako kwenye uongo."

Lo! Nzivo aliona haya. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na kitu kisichokubali nyongeza. Akaviokota vile sita, akavitia kwenye gunia. Mwenye nyumba akabaki msituni, na jina likaandikwa.

Sasa vile sita vimekaa nyumbani, juu ya redio.

"Niaje, Mzee Nzivo! Si unigawie kimoja?" husema jirani yake Wekulo kila akiingia.

Nzivo, yule yule wa kugawa hadi vijiko, huvikinga kwa mikono miwili.

"Hawa hawauzwi wala hawagawiwi, Wekulo. Wanangoja msitu ukue."