Hesabu ya Jioni

Apollo alikuwa askari wa magereza Jinja kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu alihamia Nakaloke, karibu na Mbale, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mkewe, na upweke nusura ummalize. Waliomwokoa ni watu waliojitolea kuchonga njia ya miguu kutoka Jinja hadi Mbale. Walimkabidhi kipande cha mwisho, mteremko ulio juu ya mji. Njia hiyo ikifa, hangekuwa na kingine cha kuamkia asubuhi, na alilijua hilo.

Mazoea yana taabu. Kila jioni Apollo aliwachuchumaza wenzake wawili wawili awahesabu, kama wafungwa wanaotoka shamba. Jamani, mtu kaja kwa hiari yake, na jembe lake mwenyewe, jua limemchoma kutwa, halafu achuchumae! Mmoja mmoja walimkimbia, hadi akabaki peke yake. Na mvua za Machi zilikuwa zinabisha hodi. Mifereji isipochimbwa, mteremko wote ungeporomoka.

Basi akajishusha. Alipita nyumba hadi nyumba akiomba radhi, akaapa hatahesabu mtu tena. Wakaja kumi na mmoja, wakiwemo Siraje, muuza mitumba, na mkewe Nuriat. Walichimba kwa moyo, zikabaki hatua ishirini tu.

Alasiri udongo ukateleza. Haukuwa mwingi, lakini watu walitawanyika wakipiga mayowe, na Apollo akadhani kuna aliyefukiwa. Hofu ikamvaa, mdomo ukatangulia akili.

"Chuchumaa! Mbili mbili!"

Wengine walimkodolea macho. Siraje peke yake alishuka chini palepale, mikono kichwani, macho ardhini, kabla hajajua anafanya nini. Nuriat akamtazama mumewe. Miaka yote ya ndoa alikuwa ameambiwa kwamba zamani, kabla hawajaoana, mtu huyu aliishi Jinja miaka miwili akiuza nguo.

Apollo alimsihi ainuke. Siraje hakuinuka.

"Hesabu tu, afande," alisema. "Bibi sasa amejua."

Nuriat aliokota jembe lake akaanza kuteremka. Wengine wakamfuata, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kudondoka. Apollo aliihesabu migongo yao, maana hakuweza kujizuia. Kumi, na mmoja aliyechuchumaa. Hakuna aliyekuwa amefukiwa.