Nembo za Bibi

Juzi niliiona picha ya bibi ukutani kwa dada yangu, Ruangwa, hasira zikanipanda upya.

Alasiri moja nikiwa mtoto, kule Nachingwea, baba mdogo aliskani negativu ya picha hiyo, kile kipande cha filamu, kwenye kompyuta iliyonuka vumbi lililoungua. Alirekebisha mwanga wa skrini, kisha akazifuta moja moja nembo alizochanjwa bibi usoni akiwa mwali. Mama yake mzazi!

"Sasa anafanana na watu wa mjini," alisema.

Mimi nilidhani kompyuta imemponya. Nilikimbia jikoni nikampapasa bibi mashavu. Nembo zilikuwepo, zikinuka moshi.

Bibi alipoletewa picha aliitazama sana. "Mama wa nani huyu?"

Baba mdogo alicheka, negativu akaitupa. Bibi tulishamzika, na picha nyingine hatuna. Leo watoto wa dada wanafundishwa kumwita bibi mwanamke ambaye bibi mwenyewe hakumtambua.