Nyongeza ya Chumvi

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, mwanangu, bibi yetu alipofunga mchele katika kitambaa chake akaniambia nivae viatu, tunavuka mto kuubadilisha kwa chumvi. Wewe ulikuwa umezaliwa karibuni tu. Naanza na hilo ili usidhani nakusimulia habari za watu wengine.

Ninyi mliokua baada ya vita mnaona chumvi ni kitu cha kuweka mezani na kusahau. Wakati ule treni ilikuwa imekufa, na chumvi ilifika mji wetu wa Kindu kwa ndege ya bahati au kwa baiskeli zilizosukumwa porini na watu waliochoka. Mama yako, dada yangu, alikuwa mzazi, na sombe, hayo majani ya muhogo, bila chumvi ilikuwa imemkinaisha hata akageuza uso ukutani kila nilipomletea sahani. Mwili usiokula hautoi maziwa. Ulikuwa unalia, na kilio chako kilizidi kuwa kidogo, na udogo huo ndio tuliouogopa.

Basi tukatoka kwetu Alunguli, tukavuka kwa mtumbwi. Upande wa sokoni duka lenye chumvi lilikuwa moja tu, na mwenye duka alilijua hilo kuliko sisi. Mwenye nguvu mpishe, nasi tulimpisha. Tulisimama juani wakati yeye akihudumia kwanza waliokuja na bunduki, halafu waliokuja na cheo, halafu rafiki zake. Zamu yetu ilipofika alichota mchele wetu kiganjani, akaumwaga chini, akasema una mawe. Haukuwa na mawe. Mimi ndiye niliyeuchambua. Kuku wa jirani walikuja wakaula ule wa chini wote bila kulalamika.

Uliobaki aliuweka upande wake, akapima kikombe cha chumvi, dole gumba lake likiwa ndani ya kikombe. Kila mtu aliliona lile dole na hakuna aliyelitaja. Akamimina katika kitambaa cha bibi, akaita mwingine. Bibi hakuondoka. Alibaki ameshika kitambaa wazi, kama afanyavyo mnunuzi yeyote wa kwetu, akingojea nyongeza yake: kile kidogo ambacho muuzaji huongeza kwa vidole baada ya kupima.

"Vita ilimaliza nyongeza, mama," yule bwana alisema. "Songa."

"Kipimo njo ya duka, baba," bibi akamjibu taratibu. "Nyongeza njo ya nyumba. Kwangu kuko muzazi."

"Hapa haiko misheni ya kugawa bure. Beba muchele yako, uende."

Akakinyakua kitambaa, akakikung'uta juu ya gunia mpaka punje ya mwisho, akatusukumia mchele wetu. Ule ulioliwa na kuku hakuulipa.

Nitakuambia nilivyohisi, maana uzee umeniondolea haya. Yule bwana sikumchukia hata robo ya nilivyomchukia bibi. Kwa ajili ya vidole vitatu vya chumvi tulikuwa tumepoteza kikombe kizima, na wewe uko nyumbani na kile kilio chako. Nilitaka nirudi nikapige magoti mbele ya lile gunia. Bibi alinishika mkono, akawa anatembea pole pole kama mtu aliyepata alichokifuata.

Hatujafika mbali, mwanamke aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akatufikia. Alikuwa mke wa mchimbaji kutoka Kampene. Alikuwa ametuhadithia safari yake yote pale tuliposimama. Alifungua fundo la kanga yake, akachota chumvi yake kwa vidole vitatu, akaiweka katika kitambaa cha bibi.

"Shika, mama," alisema. "Na miye nilizaa."

Wa nyuma yake naye akafanya hivyo hivyo, na wa nyuma yake tena. Wengine walitazama pembeni wakapita. Siwalaumu, kila mmoja alikuwa na chungu chake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sitakudanganya, chetu hakikujaa. Kilitosha kwa mboga ya siku chache. Mama yako alikula jioni ile, akaomba nyingine, na haukupita muda kilio chako kikawa kikubwa cha kuudhi majirani. Sisi tulikifurahia.

Katika mtumbwi nilimlaumu bibi, kwa maneno ambayo mjukuu hamwambii bibi yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Ndipo akasema, "Kipimo njo mwisho ya biashara. Nyongeza njo kusema urudi kesho. Ule bwana hakuninyima chumvi. Aliniambia hanihitaji tena."

Mpaka leo sijaamua kama alikuwa na haki. Angefunga kitambaa akaondoka, tusingehitaji huruma ya mtu. Lakini neno lake halijanitoka.

Ningependa kukuambia kwamba yule bwana alifilisika vitani. Hapana, alijenga nyumba ya matofali. Amani ilipokuja wengine wakafungua maduka, na watu wakahama bila kumgombeza. Alizeeka akiketi mlangoni pake, akisalimia kila apitaye, nao wakimsalimia kwa heshima na kwenda kununua kwa jirani.

Sasa sikia la jana. Nilikuwa dukani kwako, nimeshika maharage yangu, wakati yule mama mwenye mtoto mgongoni aliposimama na kitambaa wazi baada ya kupimiwa. Macho yako yalikuwa kwenye simu. Ukamwambia, "Mama, unangoja nini? Songa." Alifunga kitambaa akaondoka. Kipimo chako kilikuwa cha haki, nakiri. Lakini neno lile nililisikia zamani, kinywani mwa yule bwana wa chumvi.

Nilimkuta yule mama kivukoni. Nilifungua maharage yangu nikamwongezea kiganja kimoja, nikamwambia kwamba mwenye duka alisahau nyongeza yake, akanituma nimfuate. Alicheka, akasema atarudi siku ya soko.

Biashara haigombi, mwanangu, na kutoa ni moyo, si utajiri. Ukipima, inua macho umtazame mtu, kisha ongeza, hata punje chache. Hujui yuko na nani nyumbani. Wewe hapo ulinyonya nyongeza ya watu ambao hawakukujua jina. Na yule mama atarudi. Nimesema uwongo kwa ajili yako. Kuufanya uwe kweli ni kazi yako.

Mungu akupe mkono usiosahau kuongeza, chumvi isikatike chunguni mwako, na anayetoka kwako atoke akitaka kurudi.