Kwenye Ngurumo Sote ni Viziwi

Shemeji yangu alikuwa fundi wa ndege za kivita, na pale uwanjani tulimwita Bwana Vidole. Si kwa wizi, ieleweke hivyo. Ni kwa sababu kwenye maegesho ya ndege hakuna anayezungumza na mwenzake kwa mdomo. Injini ikishawaka, hata umtukanie mtu ukoo mzima sikioni, atakuchekea tu. Kwa hiyo kazi yote inakwenda kwa mikono. Rubani anainua kidole na kukizungusha, maana yake anawasha. Fundi anakunja ngumi, maana yake kanyaga breki. Hayo kila mtu anayajua. Ila Bwana Vidole alikuwa na ya kwake ya ziada. Angeweza kumsimulia rubani aliyeketi kule juu habari nzima ya mpira wa jana, nani kafunga na nani kapaisha penalti, na rubani akacheka ndani ya kofia yake huku lami inatetemeka chini ya miguu yetu.

Mimi ni dereva wa lori la mafuta palepale. Shemeji alimwoa dada yangu, na dada alipofariki tukabaki wanaume wawili wasio na mtu wa kuwaamua. Tulikuwa tunagombana sana. Yeye kichwa kigumu, mimi nina mdomo.

Ukimwona nje ya maegesho ungedhani ni mtu mwingine kabisa. Mtaani anapita kichwa chini, ukimsalimia kwa nyuma hajibu, na majirani wakaamua kwamba anaringa. Kantini anachukua sahani yake na kwenda pembeni, mgongo ukutani, anakula huku anatazama watu wanavyocheka mezani kwao. Niliwahi kumwambia, "Shemeji, utakufa humo ndani na hakuna atakayejua." Akatabasamu, akanisogezea chumvi. Nani aliomba chumvi?

Siku nyingine nilimpigia honi lori likiwa limejaa mafuta hadi juu. Hakusogea hata unyayo. Nikamzunguka, nikamtolea dirishani maneno ambayo hayafai kurudiwa hapa. Nilidhani ni kiburi cha ufundi.

Mwaka huo ukaanza uvumi, kisha ukaja ukweli: ndege zetu za zamani zinastaafishwa, mpya zinaletwa. Meja akatukusanya kwenye hangari, akawasha picha ukutani. Tukaambiwa hizo mpya, kwenye rada ya adui zinaonekana ndogo kama njiwa, zikionekana. Zinapita mwendo wa sauti bila kuwasha ule moto wa nyuma unaobugia mafuta yangu. Rubani anavaa kofia inayomwonyesha hata kilicho chini ya kiti chake, kana kwamba sakafu haipo. Ndege yenyewe inajipima ikiwa angani, na ikiumwa inapeleka habari karakana kabla haijatua. Baada ya hizo, akasema Meja, zinafikiriwa nyingine: rubani mmoja atakuwa anaruka na kundi la ndege zisizo na mtu ndani. Hizo ndizo zitakazotangulia kwenye hatari, na zikitunguliwa hakuna mama atakayelia.

"Sasa hizo zisizo na mtu," fundi wa matairi akauliza, "tunazipigia saluti sehemu gani?" Watu wakaangua kicheko.

Meja naye akacheka, kisha akaongeza lililonigusa kidogo. Kwa ndege mpya, fundi wa maegesho atavaa vipokea sauti na kuongea na rubani kupitia waya. Kupungiana mikono kutabaki kwa dharura. Nikamtazama Bwana Vidole aliyeketi mstari wa mbele. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, ametulia, wala uso haujabadilika. Tulipotoka nikamuuliza, "Vipi, shemeji, hiyo ya waya umeionaje?"

"Rangi yake nzuri," akanijibu.

Nikasema moyoni, mzee wa watu anazeeka vibaya.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, nesi wa jeshi kwenye kambi ya mbali. Ameolewa, na kila Jumapili anampigia baba yake. Mimi nilikuwa nikimkuta shemeji na simu sikioni, anasema, "Ndiyo, mwanangu. Vizuri sana. Tumshukuru Mungu. Haya, msalimie mumeo." Simu inakatwa. Nilikuwa namcheka, namwambia anaongea na mtoto wake kama anafunga kikao.

Sasa Jumapili moja binti huyo akanipigia mimi. Alikuwa analia kiasi kwamba mwanzoni sikumtambua.

"Mjomba, baba yangu ana nini na mimi?"

"Kwani kafanyaje?"

"Nilikuwa na mimba, mjomba, hatukutaka kusema mapema. Mtoto amefia tumboni. Nimetoka hospitali jana. Nimempigia baba nikamwambia mtoto wangu amekufa, na yeye akanijibu vizuri sana, tumshukuru Mungu, msalimie mumeo. Halafu akakata."

Nilimpa pole, nikavaa viatu, nikaenda kwa shemeji nimevimba kwa hasira. Nilikuwa nimeshapanga maneno njiani. Mlango ulikuwa wazi. Nikamkuta jikoni anaosha kikombe kimoja, amenipa mgongo. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena kwa sauti ya kumwamsha maiti. Sebuleni televisheni ilikuwa inaonyesha watu wanagombana, lakini haikuwa na sauti hata kidogo. Sauti imezimwa kabisa. Nikasimama pale mlangoni, nikaita mara ya tatu, na mtu huyu akaendelea kusuuza kikombe chake taratibu. Hapo ndipo chumvi, honi na rangi ya waya vikanijia vyote kwa pamoja, na ile hasira ikaniishia miguuni.

Nilipomgusa bega aliruka. Akanitazama mdomo, na mimi nikaona kwamba anautazama mdomo. Miaka yote ile nilidhani ananitazama usoni.

"Tangu lini?" nikamuuliza, polepole.

Hakujifanya hamnazo. Alivuta kiti, akakaa. Akasema kelele zilimla kidogo kidogo. Walipoanza kazi walikuwa wanaziba masikio kwa pamba. Miaka hii ya karibuni hakubakiwa na usikivu hata wa kudokoa. Kipimo cha masikio cha kila mwaka anakipita kwa sababu mpimaji anaketi nyuma ya kioo, na kila anapobonyeza kitufe cha sauti bega lake linashuka kidogo. Shemeji analitazama bega, anainua kidole.

"Na simu?"

"Naona jina lake linawaka. Napokea. Nikihesabia kwamba kamaliza, nasema yale ninayosema." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ni Jumapili tu ndiyo ananipigia. Nisipopokea ataacha."

Ikabidi nimwambie. Nilimwambia nikiwa nimemkazia uso ili asikose neno: mimba, hospitali, na jibu alilolitoa yeye. Sijawahi kumwona mtu akikunjamana namna ile. Aliuliza nirudie, nikarudia. Akainama akashika kichwa, na mimi nikaona haya kumtazama, nikaenda kufunga bomba lililokuwa linamwagika.

Tukajaribu njia ya mkato. Akamwandikia ujumbe: pole sana mwanangu, simu ilikuwa mbaya, sikusikia ulichosema. Jibu likaja upesi. *Simu haikuwa mbaya, baba. Mimi nilikusikia vizuri kabisa.* Baada ya hapo binti hakujibu tena. Jumapili iliyofuata simu haikuwaka.

"Mwambie ukweli," nikamwambia. "Mwambie husikii, yaishe."

"Yaishe vipi? Yule ni nesi wa jeshi. Kazi yake ni kupima wanajeshi. Akijua nasimama mbele ya ndege sisikii kitu, inabidi aseme. Asiposema, na ikaja kujulikana, anavuliwa sare. Nimwambie achague?"

"Basi jisemee mwenyewe."

Hapo akakasirika. Alikuwa na sauti kubwa akikasirika. "Wewe unasikia! Unatoka hapa, unaenda dukani, unaongea na muuza duka. Unaingia kantini, mtu anakuchokoza, unamjibu. Mimi kila mahali nimesimama nje ya mlango. Sehemu moja tu duniani niko sawa na watu, na ni pale chini ya ndege, kwa sababu pale hata nyie hamsikii. Ndege zetu zinaondoka mwakani. Niache nimalizie nazo."

Nilimwacha. Siku zilizofuata nilianza kumtazama akiwa kazini, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Asubuhi anaingia kituoni kama kivuli, hakuna anayemsemesha kwa kuwa walishazoea kwamba hajibu. Kisha rubani anapanda, kifuniko cha kioo kinashuka, injini inaanza kulia, sisi wote tunaziba masikio, na mtu huyo anafunguka. Mgongo unanyooka. Anaweka kiganja kwenye ubavu wa ndege anaisikiliza kwa mkono, anarudi nyuma, anaongea na rubani kwa vidole, anatania, anauliza, anajibiwa. Ndege ikishaondoka ile kelele inafifia, watu wanatoa viziba masikio na kuanza soga, na yeye anashusha mikono. Nilikuwa nikimwona anavyoshusha mikono, na roho inaniuma.

Jumapili zikapita bila simu. Aliniambia kwamba anaiweka mezani mbele yake toka asubuhi, anakula akiitazama. Yule mwehu hata chooni alikuwa haendi nayo asije akaidondosha. Alipungua mwili. Nikampigia binti mimi mwenyewe, nikambembeleza, akaniambia, "Mjomba, usimtetee. Mama angekuwepo asingenijibu hivyo." Na mimi nilikuwa nimemwapia shemeji kwamba sitasema. Nikaumeza ulimi wangu, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Kisha ukafika wakati wa vipimo. Tulipanga foleni kwenye zahanati ya kambi, yeye mbele, mimi nyuma yake. Nilijua atapita kama kawaida, kwa kuwa mpimaji alikuwa yuleyule na bega lake lilelile. Shemeji akaingia kwenye kile chumba kidogo. Mlango ulikuwa bado haujafungwa vizuri, nikaona kila kitu. Kiti kilikuwa kimeelekezwa kwenye kioo, mahali anapoketi mpimaji. Shemeji akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akaketi akitazama ukuta.

"Mzee, geuka huku basi," mpimaji akamwambia.

Hakugeuka. Mpimaji akamwita tena, akanitazama mimi kana kwamba nitamsaidia. Mimi nilitazama viatu vyangu. Akavalishwa vile vya masikioni, vitufe vikabonyezwa, na yeye akabaki ameketi ametulia, mikono magotini, anautazama ukuta mweupe, hakuinua kidole hata kimoja.

Waliondoa jina lake kwenye maegesho siku ileile. Hawakuwa wakatili, kamanda alimpa mkono, akamhamishia stoo ya vifaa, ndani, ambako kuna dirisha moja dogo linalotazama uwanjani. Daktari akasema kifaa cha sikioni kitasaidia kidogo sana. Mahali pake akawekwa fundi mwingine, na ndege zikaendelea kuruka kama kawaida. Nilimpitia shemeji stoo mchana huo nikamkuta ameketi kwenye kreti, taa haijawashwa.

"Sasa mpigie," akaniambia. "Mweleze kila kitu. Hakuna tena cha kuficha."

Nilimpigia binti palepale. Nilimweleza tangu mwanzo: masikio, bega la mpimaji, zile Jumapili, kiti. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema anakuja.

Alifika mwisho wa juma, begi dogo mkononi, amekonda. Nilitaka niwaache, shemeji akanishika mkono nisiondoke. Nadhani alikuwa anaogopa. Binti akaketi kwenye kochi, baba mtu akaketi mbele yake. Binti akaanza kuongea ameinamia sakafu, kwamba samahani, kwamba hakujua. Shemeji alisogea, akashuka kochini, akapiga magoti kwenye zulia ili apate kuuona uso wake.

"Mjomba wako ameniambia," akasema. "Lakini wewe uliniambia, mimi sikukusikia. Niambie tena."

"Baba, hayo yameshapita."

"Niambie, mwanangu."

Binti akajaribu. Kilio kikampanda, akaziba mdomo kwa kiganja kama watu wanavyoziba wakilia. Shemeji akakishika kile kiganja, akakishusha taratibu, akakishikilia magotini.

"Mtoto wangu amekufa, baba," akasema, machozi yanaingia mdomoni. "Alikuwa wa kike. Tulikuwa tumeshampa jina la mama."

Hilo la jina hata mimi nilikuwa silijui. Shemeji aliusoma mdomo ule mpaka neno la mwisho. Kisha akasema, "Pole, mwanangu. Pole sana," kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, mpaka jirani akafungua dirisha kutazama kuna nini.