Ndovu walimfukuza shambani, sasa anawapaka rangi

Saa tatu asubuhi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Voi, Alice Mkamburi ameshika ndovu kwa vidole viwili. Ndovu mwenyewe hazidi kidole gumba. Alice anachovya brashi kwenye rangi nyekundu, anaipangusa kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, kisha anaipitisha mgongoni mwa ndovu. Rangi inashika kwenye mikunjo ya ngozi tu, kama vumbi.

"Usikandamize, Alice," anasema Perez Atieno, anayeketi mkabala naye. "Unapaka ndovu au unapiga lipu?"

Alice anacheka kidogo bila kuinua macho. Amevaa miwani ya Perez. Perez ana miwani mbili, na ile isiyo na mikwaruzo ndiyo aliyompa mwanafunzi wake.

Mbele ya Alice wamepangwa ndovu hamsini wa plasta. Leo ni Jumatano. Ijumaa mwenye karakana, Donald Oluoch, atawakagua mmoja mmoja. Wakipita wengi wao, Alice ataajiriwa. Wasipopita, kiti chake atapewa mtu mwingine.

Ana miaka 47, na ni wiki ya tisa tangu aanze kujifunza kazi hii. Sanamu hizi huuzwa kwa wageni wanaokwenda mbugani. Kila moja hugandishwa kwenye kitako cha mbao cha duara. Kitako hupakwa gundi na kunyunyiziwa mchanga, kisha nyuzi fupi za katani husimamishwa ziwe nyasi. Mwanafunzi hupata shilingi ishirini kwa kila sanamu iliyokubaliwa.

"Sikuja Voi kwa kupenda," anasema. "Kule Kasigau nimepanda mahindi na kunde miaka mitatu, na miaka mitatu ndovu ndio wamevuna."

Mara ya mwisho hawakutosheka na shamba. Udongo wa upande ule una chumvi, na ndovu huufuata. Walibomoa ukuta wa jikoni uliojengwa kwa udongo huo, Alice na mumewe Hudson wakiwa chumba cha pili.

"Tuliwasikia wakitafuna nyumba," anasema. Anarudia neno hilo polepole. "Wakitafuna."

Alijaza fomu ya kuomba fidia. Mwezi huu imetimiza miezi kumi na minane bila jibu. Hudson alikataa kuondoka. Analinda shamba kwa debe na tochi, na husema kwamba ukiacha shamba mara moja, hutakuta kitu cha kurudia.

Wiki mbili zilizopita Alice alikwenda kumwona. Aliporudi alibeba mfuko wa udongo aliouchota kwenye ukuta ule ulioanguka. Ulikuwa laini na mwekundu kuliko mchanga wowote wa karakana.

"Nilifikiri nitamfurahisha Donald," anasema. "Nikasema, mgeni akinunua ndovu wetu, basi apate na udongo wetu."

Aliutumia kwenye vitako sitini. Vilipendeza hata Donald akaita watu waje kuviona. Kisha mvua ikanyesha siku mbili. Siku ya tatu unga mweupe ulikuwa umetoka kwenye vitako na kupanda miguuni mwa ndovu, na rangi ilikuwa ikibambuka.

"Donald alidhani ni ukungu," anasema Perez. "Lakini huyu alitia kidole, akalamba. Akakaa chini."

"Nilijua papo hapo," anasema Alice. "Ile chumvi waliyovunjia jiko langu, nimeibeba kwa mkono wangu mwenyewe mpaka mezani kwa mwenye kazi. Ningemwambia nini?"

Donald hakumfokea. "Mama Sylus, sikugombezi," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Lakini mgeni akifika kwao akute ndovu hana ngozi ya mguu, hatanunua tena." Akampa ndovu hamsini wengine, nafasi ya mwisho.

Jioni mbili Perez alibaki kukwangua naye vitako vilivyoharibika. Waliokoa ndovu kumi na tisa. Perez hakujihesabia hata mmoja. Kisha akamfundisha kuosha mchanga wa mtoni kwa maji matatu na kuukaanga kwenye sufuria kuukuu mpaka ukauke kabisa.

"Mimi nilipoanza nilipaka twiga mabaka ya chui," anasema Perez. "Nani hajaharibu?"

Ijumaa saa kumi, Donald anageuza kila ndovu juu chini, anasugua kitako kwa kidole, anaangalia kidole. Anatenga sita. Arobaini na wanne wamepita.

"Jumatatu uje saa mbili," anamwambia. "Na usije tena kama mwanafunzi."

Perez anapiga makofi peke yake. Alice anashukuru, anatoka nje na kumpigia mumewe. Hudson anampongeza, kisha anauliza kama sasa atapata tochi mpya, maana ndovu wamerudi tangu juzi.

"Tochi ndiyo mshahara wangu wa kwanza," anasema Alice akirudi ndani. "Nimepaka ndovu ili ninunue tochi ya kuwafukuzia ndovu."

Kwenye rafu ya karakana kuna sanamu za watu pia: mchungaji, askari wa mbuga, mgeni na kamera yake. Mwanamke mkulima hayupo. Alice alimuuliza Donald sababu.

"Wageni hawamuulizii, Mama Sylus."

"Watamuuliziaje na hawajamwona?"

Donald hakumkatalia. Perez ameahidi kumsaidia kuchonga kielelezo kwa kipande cha sabuni ya mche, ili wakitengenezee umbo la kumiminia plasta. Alice bado hajui kupaka nyuso. Anasema anajipa mwaka mmoja kujifunza.

"Nitamsimamisha na jembe, kitako kimoja na ndovu," anasema. "Donald anasema nimpake akitabasamu, atanunulika. Mimi sitampaka akitabasamu."