Nyarkoa na Jina la Bibi Dufie

Afua Nyarkoa wa Asafo, mjini Kumasi, alikuwa mpishi wa shito, ile pilipili nyeusi inayokaangwa na dagaa, na mtu wa visa tangu utotoni. Chupa zake ziliandikwa jina la bibi yake, Dufie, aliyemfundisha kazi. Alipotaka kufungua tovuti, akakuta binamu yake Barimah, muuza matairi, ameshalisajili jina hilo na anauzia humo shito ya kiwandani.

"Nimelinunua," Barimah akamwambia msibani kwa shangazi yao, akiiweka sawa nguo aliyojitanda begani. "Langu hilo mpaka kufa."

Nyarkoa akaenda kwa Fosua, mwanamke aliyekuwa akisajilia watu majina ya tovuti karibu na soko la Kejetia.

"Jina halinunuliwi, dada," Fosua akasema. "Unapanga, kama nyumba. Mkataba ukiisha hujauhuisha, unapewa muda wa kujirudi. Ukizidi kulala, jina linarudi sokoni, anayewahi analichukua."

"Na tarehe ya kuisha anaijua nani?"

"Iko wazi. Yeyote anaitazama."

Wakaitazama: haikuwa mbali. Nyarkoa akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Tangu hapo akawa mpole ajabu. Barimah alipokuja kula kwake, akalalamika kwamba kuna watu wanamwandikia barua pepe kila mara, eti ahuishe jina. "Matapeli hao, au siyo?"

Nyarkoa akamwongezea fufu. "Mimi nakaanga pilipili tu, kaka. Mambo ya mtandao unayajua wewe."

Tovuti ikazimika. Barimah akasingizia umeme. Muda wa kujirudi ukapita naye kalala, na jina lilipoachiwa tu, Fosua akalidaka kwa niaba ya Nyarkoa. Akalitia na kufuli, lisije likahamishiwa kwa msajili mwingine bila mwenyewe kuridhia.

Jumamosi Barimah akaingia jikoni akihema, simu mkononi.

"Nyarkoa, nafungua tovuti yangu naiona sura yako."

"Nimetoka vizuri?"

"Niuzie jina."

"Haliuzwi. Labda nikupe chumba cha uani."

Fosua ndiye aliyemfafanulia chumba chenyewe: linatangulia neno lako, inafuata nukta, kisha jina la mwenye nyumba. Hulisajili popote, ila mwenye nyumba akikutimua, huna pa kushtaki. Nyarkoa akaweka masharti mawili. Barimah auze shito ya Nyarkoa tu, ile ya kiwandani akome. Na neno la mbele atalichagua yeye Nyarkoa.

Barimah akanuna, akaapa hakanyagi tena pale. Lakini wateja walishazoea jina la Dufie, na hakuna aliyemtafuta kwingine. Akarudi, akakubali huku anatazama sakafu.

Neno lenyewe ni "mpangaji". Wateja wakimpigia kuuliza anuani ya tovuti, Barimah hulitaja haraka na kwa sauti ya chini, nao humwomba arudie.