Fundi Mwenye Pini Mdomoni

Fundi wetu wa cherehani huongea huku amebana pini mdomoni, kwa hiyo hata akikubembeleza unadhani anakutukana. Ndiye aliyeanzisha ile nguo kubwa ya viraka ya kuwakumbuka marehemu wa maradhi yale, ukimwi. Alipomzika mwanawe alikata mfuko wa shati lake, akaushona juu ya shuka. Jirani akaleta pindo la gauni la dada yake. Mwingine akaleta kofia. Sasa nguo imejaa meza zote za chumba chake.

Sharti lake ni moja: aliyemuuguza marehemu ndiye anayeshona kipande, na ndugu wa damu anashika kitambaa kisikunjamane.

Mimi nilikuwa nawatungia wengine uzi tu. Mume wangu alipofariki, wifi yangu alifunga nyumba, nikatoka na gauni nililovaa. Sikuachiwa hata soksi yake. Ikabaki siku moja tukunje pindo la nguo ile, tuifunge. Ambaye hayumo, ndiyo basi tena.

Jioni hiyo wifi akaingia na shati la mume wangu. Hakunitazama.

"Fundi, nishonee hili. La kaka yangu."

Fundi akalipapasa, akainua kola. Ilikuwa imegeuzwa, upande uliochakaa umefichwa ndani. Niliigeuza mimi, mume wangu akiwa mgonjwa kitandani, maana alitaka akipona aende kazini nadhifu.

"Nani alimuuguza?"

Wifi akajitengeneza kanga begani.

"Nauliza, mama. Au mpaka nimeze hizi pini ndipo nijibiwe?"

"Huyo," wifi akasema, akinielekezea kidevu.

"Basi wewe shika kitambaa."

Akaikata kola, akanipa sindano. Nikadunga karibu na kidole cha wifi.

"Wifi, utanichoma!"

"Ningetaka kukuchoma ningekuja na mkuki, si kisindano hiki."

Fundi akaangua kicheko, pini zikamwagika, tukainama sote watatu kuziokota. Kumbe ana mwanya! Miaka yote hiyo sikuwahi kuuona.

Sijamsamehe wifi yangu, na nyumba bado anakaa yeye. Lakini alishika kitambaa mpaka mshono wa mwisho, vidole vimemkakamaa, nami nikamwambia, "Legeza sasa, imetosha."

Kola ya mume wangu imekaa ubavuni mwa ule mfuko wa kwanza. Mahali hapo alipachagua Fundi mwenyewe.

"Mwanangu hakupenda kulala peke yake," alisema, kisha akarudisha pini mdomoni.